Maji ya moto, mtungi, bamvua na kivuli cha fimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo yanafanana kwa jambo moja: kila mtu anadhani analijua jibu, mpaka apime. Ndiyo maana karibu kila jibu hapa lina kipimo unachoweza kukifanya kwa sufuria, ndoo, fimbo au simu uliyo nayo. Vifaa vinavyofaa kuwa karibu ni mizani ya jikoni inayosoma gramu, kipimajoto cha kuanzia nyuzi 0 hadi 100, rula na daftari. Daftari ndilo muhimu kuliko vyote. Namba ambayo haikuandikwa palepale huwa imeshabadilika kichwani ikifika jioni.

Je, ni kweli maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi?

Wakati mwingine ndiyo, na huo "wakati mwingine" ndio wenye utamu. Jambo hili duniani kote linaitwa athari ya Mpemba, kwa jina la Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu, akaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyoingia yakiwa baridi. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, Denis Osborne, naye Mpemba akamuuliza: ukichukua maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, ukayatia kwenye friza, ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda, kwa nini? Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne akalipeleka maabara, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na zinaweza kufanya kazi pamoja. Maji ya moto hupoteza mvuke mwingi, hivyo yanayobaki ya kuganda ni machache. Kuchemsha hutoa hewa iliyoyeyuka ndani yake. Mzunguko wa maji ndani ya chombo huwa mkali zaidi yanapoanza moto. Na maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, yakisubiri punje ya kuanzia; chombo kimoja kikianza kuganda kwenye nyuzi -2 na kingine kwenye -6, matokeo yanapinduka. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walionyesha kwamba ukipima muda wa kufika nyuzi 0 tu, ushahidi wa athari hii haushikiki, na kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja juu au chini kunatosha kubadilisha mshindi. Kwa hiyo kabla ya kubishana, jiulize unapima nini: kufika 0, utando wa kwanza wa barafu, au barafu tupu mpaka katikati. Ni maswali matatu tofauti.

Kulijaribu nyumbani:

1. Tafuta vikombe viwili vya chuma vinavyofanana kabisa. Glasi itapasuka.
2. Pima gramu 100 za maji kila kimoja. Kimoja nyuzi 80, kingine nyuzi 30. Yote mawili yatoke kwenye birika moja lililochemshwa, ili tofauti ibaki kuwa joto peke yake.
3. Viweke juu ya ubao au kitambaa kilichokunjwa mara nne. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kikombe cha moto kikikaa juu ya theluji ya friza huiyeyusha, kikagusana vizuri na chuma baridi cha chini, huku cha baridi kikiendelea kukalia theluji ambayo kwa kweli ni blanketi.
4. Fungua mlango kila baada ya dakika 15, usizidishe. Kila ukifungua unaingiza hewa ya moto.
5. Rudia angalau mara 5, ukibadilishana nafasi za vikombe. Friza haina baridi sawa kila kona.
6. Mwishoni pima uzito tena. Kikombe cha moto kitakuwa kimepungua, na hizo gramu zilizopotea ni sehemu ya jibu.

Mtungi wa udongo unapoozaje maji bila umeme?

Unatoa jasho. Udongo uliochomwa bila rangi una vitundu vidogo sana. Maji hupenya mpaka nje na kugeuka mvuke, na mvuke hauondoki mikono mitupu, hubeba joto. Gramu 1 ya maji ikigeuka mvuke huchukua karibu jouli 2,400, wakati kupooza lita 1 kwa nyuzi 1 kunahitaji jouli 4,200. Piga hesabu: gramu 17 na nusu zikivukizwa, yaani vijiko vya chai vitatu na nusu, zinatosha kushusha lita nzima kwa nyuzi 10. Kwa kweli utahitaji zaidi kidogo, maana joto la nje nalo linaingia.

Sasa swali linalofuata daima ni la watu wa pwani: mbona wangu haupoozi? Kwa sababu hewa yenu imeshashiba maji. Mchana wa Dodoma kiangazi, hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 30, mtungi mzuri unaweza kukaribia nyuzi 18 au 19. Dar es Salaam ikiwa nyuzi 31 na unyevu asilimia 80, haushuki chini ya 28 hata ufanyeje. Unaweza kukijua kikomo cha kwako kabla hujanunua mtungi: funga pamba au kitambaa chepesi chenye maji kwenye ncha ya kipimajoto, kipepee kwa dakika 3, usome. Namba hiyo ndiyo sakafu. Hakuna mtungi utakaoshuka chini yake.

Kama mahali ni pakavu na mtungi bado hautoi ubaridi, chunguza haya. Umepakwa rangi au mafuta? Vitundu vimeziba. Umeoshwa kwa sabuni? Usifanye hivyo, brashi ngumu na maji tu. Una ukungu mweupe nje? Hiyo ni chumvi ya maji magumu, isugue. Umewekwa kabatini au kwenye kona isiyo na upepo? Mvuke unajaa palepale. Uweke kivulini, upepo unapopita, juu ya kigoda au mchanga wenye maji.

Kwa mboga kuna mtungi wa pili ndani ya wa kwanza, mchanga katikati. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria aliueneza namna hiyo miaka ya 1990 na kupata tuzo ya Rolex mwaka 2000. Acha nafasi ya vidole viwili pande zote, jaza mchanga, umwagilie asubuhi na jioni, funika kwa gunia lililoloweshwa. Mchicha hunyauka taratibu zaidi, nyanya hudumu. Nyama na maziwa usiweke; ubaridi wake hautoshi.

Kwa nini maharage huchelewa kuiva nyanda za juu, hata moto ukiwa mkali?

Kwa sababu moto mkali hauongezi joto la maji yanayochemka. Maji yakishachemka, kila kuni unayoongeza inakwenda kutengeneza mvuke. Kinachoamua joto la mchemko ni uzito wa hewa iliyoyalalia maji, na hewa hupungua unavyopanda, hivyo joto la mchemko hushuka karibu nyuzi 1 kwa kila meta 300. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, Nairobi karibu 94, na kileleni Uhuru, meta 5,895, ni kama 80 tu. Huko juu unaweza kuwa na sufuria inayotokota kwa fujo na maharage yasiyoiva kamwe. Sufuria ya presha inafuta tatizo: inabana mvuke mpaka maji yafike karibu nyuzi 120.

Ila mwinuko usibebeshwe lawama zote. Maharage yaliyokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu hugoma kuiva popote, hata ufukweni. Ganda na nyama ya punje vimeshikwa na gundi iitwayo pektini, nayo hukazwa na kalsiamu. Hapo ndipo mambo ya jikoni yanapopata maelezo:

Magadi hulainisha kwa sababu sodiamu yake huchukua nafasi ya kalsiamu. Robo kijiko cha chai inatosha nusu kilo. Ukizidisha, ladha inakuwa ya sabuni na vitamini B1 inaharibika. Maji magumu ya kisima hukaza, maana yana kalsiamu. Nyanya na limau hukaza pia, kwa hiyo zitie maharage yakishalainika. Na chumvi? Wengi huogopa kuitia mapema wakiamini inakaza. Ni kinyume: loweka kwa saa 8 hadi 12 kwenye maji yenye gramu 15 za chumvi kwa lita, yamwage, pika kwa maji mapya. Sodiamu ni ileile ya magadi, kwa upole zaidi.

Tahadhari moja isiyo ya mchezo. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya lektini, ambayo huleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Huvunjwa na mchemko wa kweli, siyo joto la wastani. Yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, nyanda za juu dakika 30, kabla ya kupunguza moto au kuyahamishia kwenye kikapu cha kuhifadhi joto. Chungu cha umeme kisichofika mchemko ni hatari kuliko kutopika kabisa, maana lektini iliyopashwa moto nusunusu huwa kali zaidi.

Kwa kuwa magadi yametajwa: Ol Doinyo Lengai, kusini mwa ziwa Natron, ndiyo volkano pekee inayojulikana kutapika lava ya namna hiyo, yenye kabonati za sodiamu na potasiamu. Ina nyuzi 500 hadi 600, nusu ya lava za kawaida. Mchana huonekana nyeusi kama matope, kisha hewa yenye unyevu huigeuza nyeupe ndani ya siku chache.

Ndizi zilizovundikwa zinaiva kwa nini? Na je, kabaidi ni mbaya kweli?

Ndizi iliyokomaa hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyohiyo ndiyo amri ya kuiva. Ikiivuta, inazalisha nyingine zaidi; moja ikianza, mkungu mzima unafuata. Kuvundika ni kuifungia gesi isitoroke. Ukiongeza moshi kwenye shimo, unaongeza ethilini, kwa sababu majani yanayoungua taratibu huitoa, na joto pia linasaidia. Wazee walilijua tendo zamani kabla kemia haijalipa jina.

Nyumbani tumia mfuko wa karatasi au ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa, uweke ndizi moja mbivu au kipande cha papai katikati ya mbichi. Joto zuri ni nyuzi 20 hadi 25. Siku 2 hadi 4 zinatosha. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa huharibu: jasho linajaa, kaboni dayoksaidi inajaa, zinaoza kikonyoni kabla ya kuiva. Chini ya nyuzi 13 chembe za ganda huumia, ndiyo sababu ndizi ya jokofuni hugeuka nyeusi na ikitolewa mbichi haiivi tena sawasawa. Na ndizi changa, ambayo kingo zake bado zimechongoka, haivundikiki. Itageuka rangi, itabaki na wanga mdomoni.

Kabaidi ikiguswa na unyevu hutoa asetilini, gesi inayofanana na ethilini kiasi cha kuidanganya ndizi. Tatizo ni kwamba kabaidi ya kuchomelea vyuma huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo hayana kazi yoyote kwenye chakula. Ganda linakuwa la njano moja tupu, kikonyo kijani, ndani ngumu. Usiitumie.

Swali dogo linaloambatana: je, chungwa na nanasi navyo vinaweza kuvundikwa? Hapana. Yakishakatwa hayaongezeki utamu. Parachichi, embe, papai, pera na nyanya ndiyo yanaitika.

Kwa nini ujumbe mfupi wa SMS hukatwa viwili, hata ukiwa haujafika herufi 160?

Chunguza ritifaa ya "ng'ombe". Si mzaha. Ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za orodha ya kawaida ya mitandao huchukua biti 7 kila moja, na 1,120 ukigawa kwa 7 unapata 160. Lakini ikiingia alama moja tu isiyokuwemo kwenye orodha hiyo, ujumbe mzima huandikwa upya kwa biti 16 kila herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ritifaa iliyonyooka imo. Ile iliyopinda, ambayo simu na kompyuta nyingi huiweka zenyewe kwa ajili ya urembo, haimo. Emoji haimo, na huchukua nafasi mbili au zaidi. Nukta tatu zilizounganishwa kuwa alama moja hazimo.

Kwa mtu mmoja ni hasara ya shilingi chache. Kwa shule inayowatumia wazazi 800 tangazo lenye neno "ng'ambo" lililonakiliwa kutoka kwenye waraka, ni gharama mara mbili au tatu bila mtu kujua sababu. Na ujumbe ukishagawanywa, kila kipande hupoteza nafasi ya kubebea namba ya mpangilio: kinabaki na herufi 153, au 67. Dawa yake: andika tangazo kwenye sehemu ya ujumbe ya simu, tazama kihesabu pembeni. Kikiruka ghafla kutoka 160 kuja 70, futa nyuma herufi moja moja mpaka kirudi. Uliyoifuta mwisho ndiyo mkosaji.

Na zile menyu za nyota na reli (* na #), mbona zinafanya kazi kwenye kitochi kisicho na intaneti?

Kwa sababu hazipiti intaneti. Zinapita kwenye njia ileile ambayo simu hutumia kuuambia mnara "nipo hapa" na kupanga simu iite. Kila ukurasa una herufi zisizozidi 182, ndiyo maana menyu ni fupifupi. Tofauti na SMS, hakuna kinachohifadhiwa njiani: ni mazungumzo ya papo kwa papo, ukikawia kujibu au mtandao ukiyumba, yanakatika. Kwa hiyo menyu ikikatika baada ya kuingiza namba ya siri, usirudie kutuma hela. Amri inaweza kuwa imeshafika, kilichopotea ni jibu. Subiri SMS ya uthibitisho au angalia salio kwanza.

Mjusi kafiri anatembeaje darini bila kuanguka?

Hana gundi wala mnyonyo. Hushika hata kwenye chumba kilichoondolewa hewa. Kila wayo una vinyweleo vinavyokaribia nusu milioni, na kila kinyweleo hugawanyika ncha mamia, nyembamba kuliko chochote ambacho hadubini ya shuleni ingeonyesha. Ncha hizo husogea karibu mno na ukuta kiasi kwamba ule mvuto hafifu uliopo kati ya molekuli na molekuli unaanza kuhesabika. Mtazame usiku akiwa kwenye kioo cha dirisha, wewe ukiwa upande wa pili na tochi: anapoinua mguu huanza kukunja ncha za vidole kwenda juu, anabandua kama utepe. Kwenye Tefloni, ule utando wa vikaango visivyoshika chakula, huteleza.

Pale Nanyuki, Kenya, maji yanazunguka upande mmoja kaskazini mwa Ikweta na upande wa pili kusini. Ni kweli?

Onyesho ni zuri, sababu inayotolewa si sahihi. Hufanyika pia Kayabwe, Uganda, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka. Mtu anasimama hatua chache upande huu na beseni lenye tundu, kijiti kinazunguka kushoto. Anavuka mstari, kinazunguka kulia. Juu ya mstari maji yanashuka wima.

Kani ya Koriolisi, itokanayo na mzunguko wa dunia, ni ya kweli, ila nguvu yake hufuata umbali kutoka Ikweta: kwenye mstari ni sifuri, kwenye ncha za dunia ni kubwa kuliko kote. Ukiwa meta 20 kutoka mstarini, ni dhaifu mara laki tatu kuliko ilivyo nchani. Na hata huko nchani ni ndogo mno kwa beseni. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT, Marekani, alilazimika kutumia tangi la upana wa karibu meta 1.8, akalifunika na kuyaacha maji yatulie saa 24, ndipo akauona mzunguko wa dunia. Kijiti chake kilianza kugeuka baada ya zaidi ya dakika 10. Wenzake wa Sydney, kusini mwa Ikweta, wakapata mzunguko wa upande wa pili mwaka 1965.

Kinachozungusha beseni la Nanyuki ni mkono. Maji yakimiminwa kwa upande, au mtu akigeuka huku amelishika, yanabaki na mzunguko usioonekana. Tundu linapofunguliwa na maji kukimbilia katikati, mzunguko huo mdogo unaongezeka kasi. Kuhakikisha, omba beseni liwekwe chini, lifunikwe dakika 30, kisha lizibuliwe kutoka chini bila kuguswa. Rudia mara 10. Utapata mchanganyiko wa kushoto na kulia pande zote mbili.

Penye vitu vikubwa Koriolisi haina mzaha. Vimbunga haviundiki karibu na Ikweta, kwa kawaida ndani ya latitudo 5, na ndiyo sababu Mombasa iko salama kuliko Lindi na Mtwara. Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, kilizunguka kama mishale ya saa, kama vimbunga vyote vya kusini.

Kwa nini kuna bamvua, yaani bahari kujaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi mpya na mwezi mpevu pia? Mwezi uko upande mmoja tu.

Mwezi huvuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na huivuta dunia kuliko maji ya upande wa nyuma. Matokeo ni vilima viwili vya maji, mbele na nyuma. Dunia inavyozunguka chini yake, pwani inapata kujaa mara mbili, kila baada ya saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana maji ya leo yanachelewa karibu dakika 50 kuliko ya jana. Jua nalo lina vilima vyake, karibu nusu ya vile vya mwezi. Mwezi mpya au mpevu, vilima hulaliana: bamvua, siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu, vinakatana: maji mafu, yaani kujaa na kupwa kudogo.

Pwani ya Tanzania na Kenya tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua hukaribia meta 4. Kupwa kwake huangukia mnamo saa nne asubuhi, ndiyo saa ambayo wakulima wa mwani wa Zanzibar huwa mashambani mwao baharini.

Kwa anayetembea miambani hesabu ya sehemu kumi na mbili ni ya kuokoa maisha. Maji hayapandi sawasawa: saa ya kwanza sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya meta 4, saa ya tatu na ya nne kila moja inaongeza meta nzima. Mchanga uliouvuka asubuhi kwa maji ya kifundo unakuwa wa kifuani kabla hujamaliza kuokota kombe. Rudi maji yakianza tu kugeuka.

Mbona mwezi mwandamo kwetu hulala kama dau, na picha za Ulaya zinauonyesha umesimama?

Upande unaong'aa daima hulielekea jua. Karibu na Ikweta jua huzama karibu wima, na mwezi hulifuata kwenye njia hiyohiyo, hivyo jua liko chini yake na mwanga unaupiga kwa chini. London jua huzama kwa mshazari. Linakuwa chini na pembeni, mwezi unasimama. Muscat iko kati, na mwezi wake huinama kiasi.

Ninaweza kuipima dunia kwa fimbo?

Ndiyo, ukiwa na rafiki mji mwingine kaskazini au kusini kwako. Tuchukue Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 21 Machi au 23 Septemba, au siku yoyote iliyo karibu ambayo pande zote mbili hazina mawingu.

Kila mmoja asimamishe fimbo ya meta 1 kamili kwenye sakafu tambarare, aihakikishe kwa timazi: uzi wenye jiwe. Juu yake abandike kadibodi yenye tundu la msumari. Tundu ni muhimu, kwa sababu jua si nukta. Lina upana wa nusu digrii, kwa hiyo kivuli cha ncha ya fimbo huwa na ukungu wa karibu milimita 9 na hujui pa kuwekea rula. Tundu litatoa doa la mwanga, nawe utapima mpaka katikati yake. Anza saa 6:00 mchana mpaka saa 7:00, weka alama kila dakika 5, kuanzia pale uzi wa timazi kutoka kwenye tundu unapogusa sakafu. Umbali mfupi kuliko wote ndio adhuhuri yako. Usitegemee saa ya simu: adhuhuri ya Dar hutangulia ya Nairobi kwa dakika 10, ingawa saa zetu ni moja.

Dar itapata karibu sentimita 11.9, Nairobi 2.2. Gawa kwa 100, bonyeza kinyume cha tanjenti kwenye kikokotoo: digrii 6.8 na 1.3. Tofauti ni 5.5, na 5.5 inaingia kwenye 360 mara 65 na nusu. Sasa umbali. Usitumie wa barabara, wala wa ndege, maana Dar iko mashariki pia. Unatakiwa ule wa kaskazini kwenda kusini peke yake, karibu kilomita 610, upime kwenye ramani yenye skeli. Zidisha: kilomita 39,900 na ushei. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni karibu 40,000.

Kosa la milimita 1 kwenye kivuli huleta kosa la kilomita 400 hivi kwenye jibu, ndiyo maana timazi na tundu havina mbadala. Na angalia kivuli kinaangukia wapi. Tarehe hizo vyote viwili huelekea kusini, nawe unatoa. Ukipima tarehe 10 Machi jua linakuwa kati ya miji hiyo miwili, kivuli cha Nairobi kinaelekea kaskazini na cha Dar kusini. Hapo digrii zinajumlishwa. Mkipima karibu na tarehe 3 Machi au 10 Oktoba, Dar hupata jua la utosi: mnamo saa 6:35 mchana mwezi Machi, saa 6:10 Oktoba, doa la mwanga litasogea mpaka chini ya tundu lake, likae dakika chache, kisha liondoke upande wa pili.